Chura Ana Mifupa, Taa Hana

Chuoni walimwita Fundi Mifupa, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa, akiwa kibarua siku zote, alichemsha wanyama waliokufa katika chumba cha nyuma, akasugua mifupa yao kwa mswaki, akaiunga kwa gundi na waya. "Mnyama ni mifupa," alipenda kusema. "Nyama ni nguo tu." Mkewe alizoea kumjibu kwamba nguo hizo ndizo zinazomfanya alambe vidole.

Mwaka huo mwalimu wa biolojia alimletea chura, na taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba. Alitaka wanafunzi walinganishe viunzi vya wanyama hao. Vikitoka vizuri, Fundi angeajiriwa rasmi. Akiharibu, angetafutwa mwingine.

Chura hakumsumbua. Alimuunga huku akipiga mluzi. Taa naye akatiwa sufuriani vilevile, moto mdogo, kifuniko juu. Alipofunua, alichovya mwiko kutafuta mifupa. Hapakuwa na ubavu wala uti wa mgongo. Palikuwa na uji mzito, mwiba, na meno.

"Leo maji yamezidi unga," akasema.

Angeweza kumsingizia paka, lakini uongo haukuwa fani yake. Akauchuja ule uji. Kitambaani zikabaki punje kama chumvi ya mawe, akazitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila punje ilikuwa kigae kidogo chenye pembe. Maelfu! Fundi akaketi sakafuni, ajira haimo tena kichwani. Jitu zima lile liliishi, likaogelea, likachoma watu, bila mfupa hata mmoja!

Akavipeleka kwa mwalimu katika sinia. "Mwalimu, taa nimemharibu. Ila hebu tazama."

Mwalimu aliinamia kioo kwa muda mrefu. "Ni gegedu tupu, Fundi, kama la sikio lako, limefunikwa vigae. Nilidhani unajua, kumbe kosa ni letu sote. Vigae hivi navifundisha kila mwaka, na sijawahi kuviona." Akafuta macho. "Kesho nitaleta mwingine, tumchambue kwa kisu, mimi na wewe. Barua yako ya ajira naiandika leo."

Jioni mkewe aliisoma barua mara mbili, akacheka kwa furaha. "Haya, mwajiriwa, mnyama ni nini?"

Fundi alilishika sikio lake, akalikunja, akaliachia. Likarudi mahali pake.

"Sijui, mke wangu," akasema. "Sijui kabisa."