Mzee Njiwa hafyatui mpaka mkono uinuke

Saa kumi na mbili asubuhi. Mashine za kinu cha unga bado hazijawashwa, na njiwa wamejipanga juu ya boriti za ghala. Mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na minane ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, bunduki ya upepo ikiwa mapajani, mtutu ukitazama sakafu. Ndani hamna kidonge cha risasi.

Hatazami ndege. Anatazama mlango mpana wa ghala, na ng'ambo yake kona ya ukuta unaotenganisha kinu na nyumba za watu. Pale amesimama mwanamke mwenye kitambaa chekundu begani. Anachungulia uchochoro, anapitisha macho kwenye madirisha ya ghorofa ya jirani moja baada ya jingine, kisha anainua mkono.

Hapo ndipo mzee anapotia kidonge kimoja, anachagua njiwa aliyetua mbele ya ukuta wa zege, na kufyatua. Mlio ni mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Njiwa anaanguka. Mzee anaifungua bunduki, anahakikisha ni tupu, anailaza tena mapajani na kusubiri.

"Mkono usipoinuka, hata njiwa akinikalia kichwani simpigi," anasema.

Mtaani wanamwita Mzee Njiwa. Kinu humwita asubuhi tatu kwa wiki, kwa malipo ambayo kwa siku moja hayatoshi kununua mfuko mmoja wa unga unaosagwa hapo hapo. Bila yeye, kinyesi cha ndege huingia kwenye nafaka, na wakaguzi wa afya wameshawahi kukifunga kinu kwa sababu hiyo. Sanamu za matambara zilijaribiwa. Njiwa walizizoea, wakawa wanatua juu yake.

"Kumpiga njiwa si kazi. Njiwa amekaa tu," anasema. "Kazi ni hiki kidonge kikimkosa kinaenda wapi. Kidonge hakina macho. Nyuma ya ndege kama hakuna ukuta mnene, mimi siinui bunduki. Na ukuta ukiwepo, bado sijui nani anakatiza kule nje. Ndiyo maana lazima tuwe wawili."

Kwa miaka kumi na tisa, wa pili alikuwa mkewe.

Watu walimpa jina la Mama Hodi, kwa sababu hakuna mlango wa mtaa ule ambao hakuugonga. Jioni ya kuamkia siku ya kazi alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kesho asubuhi watoto wasitoke upande wa ukuta. Alfajiri alipita tena. Alijua nani anafanya kazi ya usiku na ataingia kwa uchochoro akiwa na usingizi, nani ana mtoto mtundu, nani huanika nguo siku gani.

"Dada alikuwa anaaga, 'Naenda kugonga mlango mmoja,'" anasema mwanamke wa kitambaa chekundu, ambaye ni mdogo wa marehemu na fundi cherehani. "Anarudi na umbea wa wiki nzima. Na huyu shemeji yangu huku kashalala na bunduki yake."

"Sikuwa nalala," anasema Mzee Njiwa.

"Ulikuwa unakoroma kwa tahadhari."

Mzee anatabasamu kidogo, kisha anaangalia chini.

Anakumbuka asubuhi moja mkewe alipokataa kabisa kuinua mkono. Msichana wa shule alikuwa amekaa kwenye dirisha la ghorofani akisoma. Alikuwa mbali, na ukuta wa ghala ulikuwa katikati. Mzee aliona hakuna hatari. Mkewe hakuona hivyo. Mashine zikawashwa, njiwa wakaruka, na siku ile hawakulipwa.

"Nilimnunia mpaka jioni," anasema. "Akaniwekea chakula, akaniambia, 'Nuna tu, baba watoto. Kununa kuna mwisho.' Hakubishana zaidi ya hapo. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa kazi. Mimi nilikuwa kidole tu."

Kazi ikiisha, mzee alisafisha bunduki, na mkewe aliokota ndege, akawatia kwenye gunia, kisha akafagia. Kinyesi kilichokauka juu ya boriti na sakafuni kilitimua vumbi jeupe. Alijifunga khanga puani siku alizokumbuka. Siku nyingine hakukumbuka.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Walinunua dawa dukani. Kilipokataa walienda zahanati, akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Alipoanza kusimama katikati ya ngazi ili avute pumzi, mumewe alimpeleka hospitali kubwa. Huko daktari aliwauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: mnafanya kazi gani?

Daktari aliwaeleza kuwa vumbi la kinyesi cha ndege linaweza kubeba vimelea vinavyoharibu mapafu. Hakusema kwamba ndicho kilichompata. Alisema inawezekana, na kwamba wamechelewa.

Mama Hodi hakumaliza mwaka.

Mzee Njiwa anaongea akiwa ameshika mkanda wa bunduki, akiupitisha vidoleni.

"Sote wawili tulikuwa tunaangalia nje. Mtoto wa nani asipite, nani asifungue dirisha. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa mtaa huu aliyepata hata mkwaruzo. Na mwenzangu anakohoa pembeni yangu, mimi namwambia kunywa maji ya moto."

Baada ya msiba, meneja wa kinu alimpa mlinzi wa getini asimame pale konani. Asubuhi ya kwanza mlinzi aliinua mkono vizuri. Asubuhi ya pili aliuinua huku akiongea na simu. Mzee alikuwa ameshalenga alipoona, pembeni ya njiwa, kichwa cha mwanamke kikipita nyuma ya tundu la hewa la ukuta, kimebeba beseni la nguo.

Hakufyatua. Alitoa kidonge, akafunga bunduki kwenye mfuko wake na kwenda ofisini kuaga.

"Meneja akaniuliza, 'Kwani kuna aliyeumia?' Nikamjibu hakuna. Akasema, 'Basi tatizo liko wapi?' Nikaona huyu hatutaelewana."

Akaomba kazi ya kupakia mifuko ya unga kwenye malori, palepale kinuni. Mgongo ulimuuma, lakini anasema kuchoka kulimsaidia kulala.

Kinu kikaleta vijana wawili kutoka kampuni ya kuua wadudu. Walikuja na bunduki nzuri kuliko yake, bila mtu wa kusimama nje. Wiki ya tatu, kidonge kimoja kilipita chini ya paa na kuvunja kioo cha dirisha la chumba anamolala mtoto mchanga. Vipande vilimwagika juu ya kitanda. Mtoto alikuwa ametolewa kwenda kuogeshwa.

Jioni ile majirani walikwenda nyumbani kwa Mzee Njiwa. Hawakuwa na mengi ya kusema. Mama wa mtoto alisimama mlangoni na mwanawe kifuani, akasema tu, "Baba, rudi."

"Nikawaambia sina mtu wa kusimama," anasema. "Huyu hapa alikuwa amekaa jikoni, amekuja kuniletea shati alilonishonea. Akasema kutoka kulekule, 'Mtu yupo.'"

Shemeji yake anainua mabega. "Ningefanyaje? Mimi hata damu ya kuku inanitia kichefuchefu. Lakini dada angefufuka anichape."

Mzee alirudi kwa masharti. Sasa kinyesi hunyunyiziwa maji kabla ya kuguswa, na hakuna anayeingia ghalani bila barakoa. Kinu ndicho kinachonunua barakoa hizo. Na shemeji haruhusiwi kushika fagio. Mzee hufagia mwenyewe, akianzia ndani kabisa na kumwacha mwenzake nje kwenye hewa.

"Nilimwambia hata mimi nina mikono," anasema shemeji. "Akanitazama macho yale. Nikaacha."

Zimebaki pande mbili za paa kuzibwa kwa wavu wa chuma, kazi ambayo mzee ameianza Jumapili kwa Jumapili kwa ruhusa ya meneja. Zikizibwa, risasi zitapungua. Wakati huohuo anamfundisha shemeji yake kulenga kwenye makopo, ili akipata kibali cha bunduki wabadilishane nafasi. Mzee mwenyewe anataka kusimama konani.

"Macho yangu ya mbali bado mazima. Ya karibu ndiyo yamechoka," anasema. "Na nataka kugonga hodi. Miaka yote nimekaa ndani ya ghala. Mtaa huu watu walimjua yeye, mimi walinijua kwa mlio."

Ameshaanza. Jioni za kuamkia kazi hupita mwenyewe nyumba kwa nyumba, na anakiri kuwa mwanzoni alikuwa akisimama mlangoni bila kujua aanzeje.

Nyumba inayomchukua muda mrefu ni ya bibi mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Kila anapomfungulia humuuliza, "Mama Hodi yuko wapi siku hizi?" Mzee humwambia. Bibi hushika mwimo wa mlango na kulia kama aliyepata habari saa hiyohiyo, kisha humvuta ndani akae.

Shemeji alimshauri amwambie kwamba dada amesafiri, amwonee huruma mtu mzima. Mzee alikataa.

"Wengine wote msiba walishaumaliza. Siwalaumu, ndivyo inavyotakiwa," anasema, akitundika mfuko wa bunduki begani. "Yule bibi kila wiki anauanza upya. Na mimi pia. Kwa hiyo tunakaa, tunalia kidogo, halafu namwambia kesho asifungue dirisha la nyuma mpaka mashine ziwake. Hilo halisahau."