Jiwe la Glafira

Glafira Ivanovna alikuwa binti wa mlinzi wa reli, na macho aliyarithi kwa baba yake. Huko mlimani Krimu, kwenye kituo cha kupigia nyota picha, kazi yake ilikuwa kulinganisha vioo viwili vya picha ya anga moja, vilivyopigwa siku tofauti, akitafuta nukta iliyohama. Wenzake walimtania, "Glafira, wewe hata kiroboto wa mbinguni hakuponyoki!"

Mwaka 1936 alilinasa jiwe jeusi kama sizi la jikoni, ukingoni kabisa mwa ukanda wa mawe yazungukayo jua, upande wa sayari kubwa Mshtarii. Lilijikokota vibaya mno. Kulizunguka jua tu, miaka sita. Mkuu wake, mzee Rodion Karpovich, akapeleka habari Berlin, ambako mawe mapya yaliandikishwa, kama ilivyokuwa desturi ya wapima nyota wote: simu ya maandishi yenye tarakimu tupu, tano tano.

Mwaka uliofuata, tarakimu hizo hizo zikamtupa mzee korokoroni. Jasusi, walisema. Jamani! Tangu siku hiyo, kila gari lililopanda mlima lilimkata Glafira maini.

Siku moja likapanda lenyewe. Akashuka afisa Lapin wa polisi wa siri, kijana mpole wa kutisha. Pasha, mfagizi, akamnong'oneza Glafira, "Kaa kimya, dada. Mdomo huponza kichwa."

"Nikae kimya mzee wa watu afe?"

Lapin akamwekea ile simu mezani. "Namba gani hizi, mama?"

"Ni mahali jiwe lilipo, ndugu afisa. Si siri ya mtu."

"Nionyeshe."

Kwa macho halionekani, kwa hiyo akapiga hesabu, na usiku akapiga picha. Kioo kilipokauka akamketisha Lapin kwenye mashine ya kulinganishia vioo. Nukta ilikuwepo, pale pale hesabu ilipoiweka. Glafira akalia kwa furaha.

"Umeona? Mzee hakudanganya!"

"Kumbe namba ni za kweli?"

"Kweli tupu!"

"Na Wajerumani walizipata?"

"Walizipata! Hata pongezi walituma."

Lapin akaandika taratibu, akamsogezea karatasi. "Weka saini, mama. Tulikosa shahidi tu."

Glafira akasoma: mtuhumiwa alipeleka Ujerumani habari sahihi. Ole wake, amemmaliza mzee kwa ulimi wake mwenyewe.

"Na aliyezitafuta hizo namba," Lapin akauliza kwa upole, "ni nani?"

Mlangoni, Pasha aliacha kufagia.