Unene wa Mughwai

Luciana hakumkausha mume wangu kwa vidonge. Naanza hapo kwa sababu maneno hayo yamezagaa Unyambwa nzima, na wanaoyasambaza walikula vizuri sana kwenye msiba wangu.

Luciana ni binti wa kaka wa marehemu mume wangu, Mughwai. Ni nesi, ana mdomo mkali na mikono ya baridi. Wagonjwa wake wa moyo anawakagua kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani: anawapima uzito, anawabonyeza miguu, anawauliza wanalalia mito mingapi na wanakojoaje, hata awe amekaa nani pembeni.

Mughwai, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu. Dawa ya kutoa maji mwilini ilimkondesha, na akapumua vizuri. Ukoo ukaona kukonda tu.

"Shemeji, huyu unamlisha au unamtazama?" Deo, mdogo wake, aliniuliza mbele ya wageni.

Mughwai naye aliona aibu kutoka ibadani kila mara kwenda chooni. Akaacha kidonge kile kimyakimya. Deo akawa analeta supu ya kuku yenye chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe mzima. Haukupita muda mume wangu akanawiri: mashavu yakajaa, tumbo likatangulia, viatu vikagoma kuingia. Deo akamtembeza mtaani kama fahali wa maonyesho.

"Sasa kaka umekuwa mtu."

Nilipohoji, nilijibiwa kwamba shahada yangu ya chuo kikuu haipiki supu.

Ndipo Luciana akaja kusalimia.

"Shikamoo, baba mdogo. Vua soksi."

"Marahaba. Mbele ya wageni?"

"Tumbo wameshaliona. Miguu itawashangaza nini?"

Akamkandamiza muundi kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki. Deo aliliinamia akingoja lijae. Halikujaa.

"Mafuta hayafanyi hivi, baba mdogo Deo. Haya ni maji, na yakifika kwenye mapafu atazama hapa hapa sebuleni. Mwalimu, kidonge umeacha lini?"

"Nameza."

"Usiku unalala au unakaa?"

Mughwai akatazama dari. Nikajibu mimi: anakaa.

Alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mughwai akarudi mwembamba, ana pumzi zake, akahamia benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango. Tulikuwa naye kwa miaka mingine, akiwa mifupa mitupu na mwenye furaha. Ukoo ukaanza kusema nesi kamnyonya mtu wao.

Sasa watu wananiuliza ni nani, Luciana akiwa safarini, alimshawishi Mughwai aache tena dawa wiki ile aliyofariki. Ninamjua. Alilia kuliko wote kaburini. Jina lake la ukoo ndilo langu na la watoto wangu.

Simtaji. Msinifuate nyumbani kwangu Mandewa kuniuliza.