Siku Msafara Ulipowahi

Mama yangu alikuwa anapofuka. Habari hiyo hakunipa yeye. Alinipa kwa simu jirani yake wa Beni, huko Kongo, mama mmoja muuza vitenge ambaye hushuka mara kwa mara hadi soko la Mpondwe, mpakani. Jicho moja limekwisha funga kabisa, akasema, na la pili linafuata. Daktari wa huko alikwisha nyoosha mikono. Kisha mama yangu akamnyang'anya simu.

"Papa," akaniita, kama alivyoniita tangu utotoni, "nitakuja na uyu jirani siku ya soko. Nataka nione sura yako kabla macho iishe."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi. Mimi ndiye niliyelia, huku Kasese, barabarani, nimeegemea baiskeli yangu ya kupelekea mikate madukani.

Hatukuwa tumeonana tangu nilipokimbia vita. Mimi sikuthubutu kurudi, na yeye hakuweza kunifuata, maana marehemu dada yangu alimwachia watoto wa kulea. Barabara ya Beni hadi mpakani magari hayapiti ovyo. Hupita kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara ukiondoka umeondoka; anayeachwa atafute pa kulala. Mama asingeweza kulala nje ilhali wale watoto wako peke yao nyumbani. Kitu kimoja kilinipa moyo: msafara huo haukuwa na sifa ya kuondoka kwa wakati. Kila mtu wa mpakani alijua. Ikitangazwa kwamba magari yanaondoka saa saba, watu walibandika maharage kwanza.

Nilimnunulia godoro. Madereva wa teksi walilitazama, wakatazamana, na mmoja akaniuliza kama kitanda chake kinafuata. Nikaudhika. Nikalikunja, nikalifunga kwa mpira wa tairi nyuma ya baiskeli, nikasema nitakwenda mwenyewe. Hasira zangu ziko karibu, najijua, lakini hesabu yangu haikuwa mbaya: ni lami tupu hadi Bwera, mji wa mpakani, miguu yangu imezoea mizigo, na niliondoka kabla hakujapambazuka.

Mvua ilinikuta kabla ya Kikorongo. Si mvua ya kujikinga chini ya mti. Nilijibanza kwenye kibanda cha muuza mananasi ambaye mwenyewe hakuwa amefika kazini, nikaitazama barabara ikigeuka mto. Nailoni niliyolifunikia godoro ilipasuka. Godoro likanywa maji mpaka likawa zito kama mlevi anayebebwa kwenda nyumbani. Mvua ilipopungua nilipanda, nikakata kona kuelekea Bwera, na hapo ndani ya mbuga nikakuta malori yamesimama.

Tembo walikuwa barabarani. Wengine walikwisha vuka, ila jike mmoja na mtoto wake walikuwa wamesimama katikati ya lami, hawaendi mbele wala nyuma. Nilijaribu kupenya kando ya malori. Askari wa mbuga akanishika shati.

"Wewe ya baiskeli, wapi? Hiyo iko na mutoto. Itakuua."

"Mama yangu ananingoja mpakani."

"Hata hii ni mama," akasema, akanirudisha nyuma ya lori la saruji.

Tulingoja mpaka nguo zikanikaukia mwilini. Gari la watalii kutoka Mweya lilikuja likasimama mbele yetu, na wageni wakainuka kupitia paa lililo wazi, wakishikana mabega kwa furaha. Walikuwa wamekuja kuona, na waliona. Niliwaonea wivu. Nikampigia simu jirani.

"Mama iko apa, ameketi," akanijibu. "Utulie. Konvoi yetu unaijua."

Nilitulia, kwa sababu kweli msafara huo niliujua. Yule tembo alipochoka kutukomoa aliingia majanini, nikakanyaga pedali hadi kizuizi cha jeshi.

"Teremuka! Fungua hiyo mzigo!"

"Ni godoro, afande."

"Nimesema fungua!"

Nikalitandaza kando ya lami. Alilizunguka, akalikanyaga kwa buti, maji yakatoka. Akaniuliza nani analala kwenye kitu hicho, nikamwambia ni mama yangu. Alilisindika kwa goti huku mimi nikifunga mpira, tukaonekana kama ndugu wawili wanaohama. Ukarimu wake nao ulikula muda.

Baada ya Kinyamaseke simu yangu ilizimika. Kwenye mlima wa kupandia Bwera tairi la nyuma, lililokuwa limebeba godoro na maji yake, likapasuka, nami nikaishia kusukuma. Watu walikuwa wakitoka sokoni na mafungu yao ya ndizi na mbuzi, wakinipisha. Niliwauliza kama msafara umeondoka. Wengine walisema bado, wengine hawakujua. Nilikuwa nasukuma na kuongea peke yangu: bado, bado, hawa hawajawahi kuwahi.

Siku hiyo waliwahi. Kamanda mpya, nilielezwa baadaye, mtu anayependa saa. Nilipofika Mpondwe jua lilikuwa limeinamia upande wa Kongo, na daraja la mpakani lilikuwa na wachukuzi tu.

Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyenielekeza pale mama yangu alipokuwa ameketi. Palikuwa na jiwe na maganda ya njugu. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kwenye godoro.

"Weye ndiye mutoto wake? Alikuwa anashika baiskeli ya kila mutu. Anamuvuta karibu, karibu sana, anaangalia sura, anauliza, ni weye? Vijana walikuwa wanacheka. Kisha wakaacha."

Niliketi juu ya lile jiwe. Sikulia, nilikuwa na hasira na mvua, na tembo, na yule kamanda na saa yake, na hasira ilinisaidia kukaa wima. Mchukuzi mmoja alikubali kulivusha godoro hadi Kasindi, ng'ambo ya daraja, lingojee msafara unaofuata. Nilijiambia kwamba kuna siku nyingine ya soko. Kwake haikuwapo. Jicho la pili lilifunga kabla hatujapata njia ya kukutana tena, na hadi leo hajaona uso wa mtu.

Jioni ile nilipata pa kuchajia simu kwa kinyozi mmoja wa Bwera, nikaketi kwenye benchi la wateja. Jirani akapiga. Walikuwa wamefika Beni salama. Akampa mama simu.

Nilianza kumweleza habari za mvua na tembo. Akanikatiza.

"Papa, ulikuwa unavaa nini leo?"

"Shati ya manjano, mama. Ile ya kazi."

"Imechakaa?"

"Kidogo."

"Na umenenepa ao umekonda?"

"Kama zamani."

Nilisikia watoto wa dada wakigombana nyuma yake, naye akawatuliza kwa Kinande bila kuiondoa simu mdomoni.

"Na kichwa? Mvi imetoka?"

Mbele yangu palikuwa na kioo cha kinyozi. Pande zote mbili, juu ya masikio, palikwisha kuwa peupe. Wateja wangu wa mikate huniita mzee, na hawatanii.

"Bado, mama. Niko tu vile uliniachaka."

"Ni vizuri," akasema. "Basi, ubakie vile."