Mwanzo wa Ukili

Mwezi uliopita nilipanda Kinole, kule milimani, kumsalimia bibi. Njia ni ileile, ikinyesha kidogo tu bodaboda wanagoma, na harufu ya karafuu zilizoanikwa inakupokea kabla hujaona mtu. "Karibu mume wangu," akasema, kama anavyonitania tangu utotoni. Nikamwamkia. Hata sijanywa chai, akaniwekea mapajani chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa membamba ya kusukia mikeka. "Hebu nianzishie ukili. Vidole vyangu vimekataa."

Nikasema simu inaita. Nikatoka, nikasimama nyuma ya jiko na simu iliyozimika sikioni.

Rafiki yangu, acha nikueleze kwa nini.

Mwaka wa mwisho chuoni, pale mjini Morogoro, sisi wa sanaa tulitakiwa kila mmoja achague ufundi ajifunze mwenyewe, bila mwalimu, na aandike kila siku alichogundua. Nikachagua kusuka mkeka, nikahamia kwa bibi likizo nzima. Asubuhi nilichota maji na kumenya magimbi. Mchana tulikaa barazani tukisuka ukili, ule mkanda mrefu ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka: yeye na wake, mimi na wangu, na daftari. Nilipima upana kwa rula mpaka jirani akauliza, "Huyu anasuka au anashona suruali?" Bibi alicheka hadi akakohoa.

Kwetu, anayejua humwanzishia anayejifunza. Mwanzo ndio mgumu: chane zinateleza, hazijashikana, na ukikosea hapo ukili mzima unakwenda upande. Kwa hiyo kila ukili aliuanza bibi, urefu wa kiganja, ndipo akanipa niendelee. "Mkono utazoea," alisema. Nilipoharibu, alifumua, akasuka upya, huku akinisimulia mazishi ya watu nisiowajua.

Daftarini sikumwandika. Kazi ilisema bila mwalimu. Nikawaza, nikimtaja nitafeli. Nikawaza tena, labda kukaa na bibi yako si kufundishwa. Wiki mbili nzima nilizunguka hapo hapo, mwishowe nikaandika: "Nimegundua mwenyewe namna ya kuanza."

Siku ya maonyesho ya kazi zetu chuoni bibi akashuka mjini bila kuniambia, kavaa kanga mpya, kabeba mfuko wa machungwa ya walimu wangu. Wakati huo mkufunzi alikuwa ameinamia mkeka wangu. Alikuwa mtu wa milimani, alijua pa kutazama: pale ukili unapoanzia. "Nani alikuanzishia?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. Bibi alikuwa hatua tatu nyuma yake.

Mkufunzi akageuka, akamwona bibi niliyekuwa nimemkodolea macho, akampa shikamoo na kumuuliza kama ni kweli.

"Kweli, mwalimu," bibi akajibu. "Huyu kajifunza mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaa pale tu, nachambua mchele."

Nilipata maksi nyingi kuliko wote. Nilipomsindikiza stendi hakunilaumu. Aliuliza tu kama nimekula.

Siku hizi baraza za Kinole zimetandikwa mikeka ya plastiki. Wenzake aliosuka nao wamezikwa, mmoja mmoja, na nyumbani kwetu hakuna mwingine anayejua kuanza, hata mimi. Daftari langu liko maktaba ya chuo, na jina lililomo ni langu peke yangu.

Nilipochoka kuongea na simu iliyozimika nikarudi ndani. Bibi alikuwa ameshazirudisha chane kapuni na kulifunika.

"Una mambo mengi, mume wangu," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Nikainywa nikitazama sakafu.