Chakula cha Bibi wa Neasden

Nilistaafu nikiwa mkuu wa polisi wa wilaya, huko bara. Mke wangu alipofariki, binti yangu akanileta Landani, kwake Rayners Lane. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Yeye ni nesi wa zamu za usiku, mchana analala. Wajukuu nikiwasalimu kwa Kiswahili wananielewa, wananijibu kwa Kiingereza, kisha wanapanda juu. Siku nyingine jua lilizama sijazungumza na mtu.

Ndipo nikajitolea katika chama cha wazee wetu wa Afrika Mashariki, kupeleka chakula cha mchana kwa wasioweza kutoka. Wengi walinipokea vizuri. Bibi mmoja wa Kipemba, mtaa wa Neasden, hakufungua. Nikigonga, nasikia redio inazimwa, halafu kimya. Nilikuwa nikiacha chakula mlangoni na kuondoka.

Jirani yake, mama wa Kikenya, alinikuta hapo siku moja akacheka.

"Mzee, kwani umekuja kushika mtu? Si upige hodi kama watu wengine!"

Kazini tuligonga kwa ngumi, kisha tukajibanza pembeni mwa mlango. Nilijitazama. Nilikuwa nimejibanza pembeni.

Safari iliyofuata nikasimama katikati. "Hodi, Bibi! Hodi!"

Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo haujatolewa. Jicho moja likanitazama.

"Mwanangu walimchukua watu wanaogonga kama ulivyokuwa ukigonga. Ulikuwa askari?"

Ningeweza kusema nilikuwa karani.

"Nilikuwa askari, Bibi. Wa bara. Lakini Pemba sijawahi kufika."

"Hilo sijakuuliza."

Akafunga. Nikaanza kushuka ngazi, chakula bado mkononi, nikipanga jinsi ya kumwomba msimamizi wa chama amtume mtu mwingine. Nyuma yangu mnyororo ukalia.

"Unakwenda wapi na chakula changu? Ingia. Kaa kiti kile, nikuone."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama, akaanza kuniuliza. Nimezaliwa wapi. Nimezika nani. Naishi na nani, na huyo ninayeishi naye tunaonana saa ngapi. Nilijibu swali moja baada ya jingine. Tangu nishuke ndege hakuna aliyeniuliza hayo. Alipofunua chakula nikadhani amemaliza, nikainuka.

"Nani kakwambia uinuke?" akasema. "Bado nakuuliza."