Mume wangu na nguzo za Mama Nestori wa Simbo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Ni miaka ile wakimbizi wanaingia Kigoma kwa wingi. Mume wangu, Baba Asha, alikuwa na Fuso, akapata tenda ya kupeleka nguzo za kujengea vibanda kambini. Shirika la kuhudumia wakimbizi lilimpa sharti moja: nguzo za miti ya kupandwa tu. Mti wa msitu wa asili hawapokei.

Akampata mjane mmoja kule Simbo, Mama Nestori, mwenye kilima kizima cha mikaratusi.

Hapo ndipo amani yangu ilipoishia.

Tukikaa kula, yeye ni Mama Nestori tu. "Yule mama hakati mti mchanga. Yule mama akikata mmoja anapanda mingine." Mimi nimeunga samaki wa migebuka kwa mawese, hata hajasema ahsante! Anasifia miti ya mwanamke mwingine.

(Wanawake wenzangu wa Ujiji mtanielewa.)

Ikawa kila akichelewa, anasema alikuwa Simbo. Siku moja nikachoka, nikavaa baibui, nikapanda gari mpaka huko huko.

Nilimkuta shambani. Mrefu, mzuri kuliko nilivyoomba Mungu awe.

"Mwakeye, dada," akanisalimia.

"Mimi ni mke wa Baba Asha. Yuko wapi?"

Akashangaa. "Huyo hajakanyaga hapa tangu mvua zianze. Nilimwambia miti iliyobaki bado michanga, asubiri. Akaondoka kwa hasira."

Wakuu! Kama haendi Simbo, anakwenda kwa nani? Nikaanza kulia mbele ya mtu niliyekuja kugombana naye.

Akanishika bega. "Jirani yangu anamshushia mizigo Bangwe. Kamwangalie huko."

Bangwe nilimkuta ufukweni, suruali kaikunja, anashusha nguzo kutoka kwenye boti iliyotokea upande wa Ilagala. Zimepindapinda, magome meusi. Miti ya msituni kabisa.

Nisiwafiche, kwanza nilifurahi. Hakuna mwanamke!

Halafu akili ikarudi.

"Baba Asha, shirika unawaambia zimetoka wapi?"

"Simbo." Anaangalia maji, haniangalii mimi. "Wao wanataka nguzo wiki hii, yule mama anataka miti ikue. Ningefanyaje?"

"Leo utawaambia ukweli wewe, au nitawaambia mimi."

Aliwaambia. Walikataa mzigo wote, nusu ya tenda wakampa mtu mwingine. Tulibana matumizi sana nyumbani, mpaka miti ya Simbo ilipokomaa akaanza kununua kule, safari hii kweli.

Na wivu ukaanza upya! Kila akienda kupakia, mimi nipo kiti cha mbele cha Fuso. Mama Nestori akaniuliza siku moja, "Umekuja kulinda miti au mume?"

Nikamwambia, "Vyote."

Nilichojifunza: mtu akikutajia mahali mzigo ulikotoka, usiridhike na jina. Nenda ukaone panapokatwa.

Nyie mliojenga, mnajua mbao za paa lenu zilikatwa wapi? Semeni hapa, nawasoma. Na wanaume mnaosifia watu mezani, nanyi jiteteeni.